Zabibu Haisubiri: Safari ya Divai ya Dodoma

Kwenye chakula cha jioni cha chama chetu muhula uliopita, mwenzetu mmoja aliyekuwa ametoka likizo nyumbani alitoa begini chupa ya divai nyekundu ya Dodoma. Meza nzima ilicheka. Mmoja akauliza kama Dodoma kuna kitu kingine zaidi ya vumbi na Bunge. Kicheko kilipotulia, mhadhiri wetu akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: "Na hiyo mizabibu ilifikaje huko?" Insha hii ni jibu langu la kuchelewa. Wenzetu wasiotumia kileo wasiruke ukurasa huu, kwa maana historia hii inamhusu mkulima kuliko chupa.

Kwa kuwa sisi ni chama cha Kiswahili, tuanze na maneno. "Zabibu" tumelipata kwa Waarabu, lakini kwao zabibu ni tunda lililokaushwa. Tunda bichi wana jina lake jingine. Sisi tumeliita tunda bichi kwa jina la tunda kavu, na hata leo inatulazimu kusema "zabibu kavu" tunapotaka zile za kutia kwenye pilau. Si vigumu kuona kwa nini: mwambao wa Afrika Mashariki ulilijua tunda hili kama bidhaa ya kusafirishwa kwa majahazi kabla ya kulijua likiwa mtini. "Mvinyo" ni la Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498. "Divai" huhusishwa na maneno ya Kifaransa "du vin", na Wafaransa walikuwa miongoni mwa wamisionari wa mwanzo wa Kikatoliki pwani. Misheni yao ya Bagamoyo ilianza mwaka 1868. Kwa hiyo tulikuwa na maneno matatu kabla ya kuwa na shamba lenye sifa. Shamba hilo lilipopatikana, halikuwa pwani. Lilikuwa Ugogo.

Ugogo ni nchi kavu katikati ya Tanzania, kwenye uwanda wa juu wa zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa, ikalipa hongo kwa watemi wa Kigogo ili ipate njia na maji. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Ukame ulipofuata, ikaja njaa ya mwaka 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo wanaikumbuka kwa jina la Mtunya.

Miaka 30 baadaye serikali ya Uingereza ilikuja na dawa yake. Mwaka 1947 ulianza mradi wa karanga, na Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma, ikawa kituo chake cha kwanza. Matrekta yaliletwa kwa wingi, reli ikajengwa. Lakini udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama tofali, mvua haikuja kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1951 mradi ulifungwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Wengi walihitimisha kwamba nchi hii haizai kitu.

Inasimuliwa Dodoma kwamba mizabibu ilipandwa mwaka 1957 kwenye misheni ya Kikatoliki ya Bihawana, nje kidogo ya mji, na wamisionari kutoka Italia. Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu Kongwa ifungwe. Hapakuwa na matrekta wala mamilioni. Padre anahitaji divai kwa ajili ya misa, na Mwitaliano anajua mzabibu kama Mgogo anavyojua uwele.

Ile kasoro ya Dodoma ndiyo iliyougeuka kuwa neema. Mzabibu huugua ukungu penye unyevu mwingi. Hewa kavu huupa afya. Jua la mchana hujaza sukari kwenye tunda, na baridi ya usiku ya mwezi wa Juni na Julai huulinda uchachu wake. Zaidi ya hayo, Ulaya mzabibu hulala majira ya baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima anapopogoa matawi, mti huanza upya, na kwa hiyo anaweza kuvuna mara mbili: mara moja karibu na Machi, mvua ikiwa bado ipo, na mara ya pili Agosti na Septemba, wakati wa kiangazi. Mavuno ya kiangazi ndiyo huwa matamu na masafi zaidi.

Baada ya uhuru kilimo hiki kilitoka kwenye ua wa kanisa. Gereza la Isanga lililima zabibu. Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 ilihamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, na mwaka 1973 ukapitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi huko huko. Zabibu ikawa zao la biashara la mkoa, kituo cha utafiti kikawekwa Makutupora, na kampuni ya umma, DOWICO, ikawa mnunuzi na mtengenezaji. Uchumi wa umma ulipoyumba na soko likafunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, mnunuzi huyo mkubwa alidhoofika, na mkulima akabaki na vichala mkononi. Kilimo kilianza kupata nguvu tena miaka ya 2000, viwanda binafsi vilipoingia.

Sasa turudi mezani, kwa sababu chupa ile ilifunguliwa. Mbegu mbili ndizo zinazolimwa zaidi na wakulima wadogo. Ya kwanza ni Makutupora, nyekundu, yenye jina la mahali penyewe, pale pale kwenye visima vinavyounywesha mji wa Dodoma. Ya pili ni Chenin Blanc, nyeupe, asili yake bonde la mto Loire nchini Ufaransa. Ndiyo hiyo hiyo tunayoiona hapa Uingereza madukani ikiwa imetoka Afrika Kusini. Huko Hombolo, kiwanda cha CETAWICO, kilichoanzishwa na Mwitaliano, kilileta pia mbegu za kwao: Aglianico ya Italia ya kusini, pamoja na Teroldego na Marzemino za milima ya kaskazini. Marzemino ndiyo divai anayoisifu Don Giovanni katika opera ya Mozart. Mozart hakuota kwamba siku moja ingechumwa na vijana wa Kigogo.

Chakula gani kiende na ipi? Divai nyekundu yenye ukakasi, kama Aglianico, hukausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea. Mafuta na nyama huulainisha ukakasi huo, kwa hiyo mwenzake wa haki ni mbuzi wa kuchoma, ambaye Dodoma hana haja ya kutafutwa. Lakini ukiipeleka kwenye ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga, inagombana nao. Mlenda ni laini, unataka Chenin Blanc yenye uchachu, ambayo pia inafaa sana na samaki wa kupaka wa pwani, kwa kuwa uchachu hukata uzito wa tui la nazi. Makutupora iliyotengenezwa tamu kidogo huvumilia pilipili na viungo. Na wasiotumia kileo wanayo juisi ya zabibu hizo hizo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kukaa karibu na pilau: zabibu mbichi kwenye glasi, kavu kwenye sahani.

Hata hivyo, jibu la swali la mhadhiri halikamiliki hapa. Mzabibu ulifika na ukashika. Kilichosumbua tangu mwanzo hadi leo si ardhi, ni muda. Mahindi yakikosa bei, mkulima huyaweka ghalani. Mtama vivyo hivyo. Zabibu haisubiri. Ikiiva lazima ichumwe, na ikichumwa, katika siku chache tu inaanza kuoza. Mnunuzi analijua hilo. Anaweza kuchelewa kwa wiki moja, na bei ikashuka bila yeye kusema neno. Ndiyo maana kila mnunuzi mkubwa alipoyumba, waliokuwa na mashamba mazuri kabisa ndio waliolia zaidi.

Kinga yake ina jina la nyumbani: mchuzi wa zabibu. Dodoma huita hivyo maji ya zabibu yaliyokamuliwa na kuhifadhiwa kwenye matangi, tayari kuuzwa kwa watengenezaji wa divai. Mwenye mashine ya kukamua na tangi anaweza kungoja. Asiye nayo hawezi. Serikali nayo imesaidia kwa njia ya kodi, ikiitoza divai yenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani ushuru mdogo kuliko ile ya zabibu za nje, ili kiwanda kione faida ya kumtafuta mkulima. Lakini ushuru humsaidia mkulima kwa kupitia kiwanda. Tangi la ushirika humsaidia moja kwa moja.

Nikilinganisha Kongwa na Bihawana, naona Kongwa walianza na fedha na mitambo, nchi ikawakataa. Bihawana walianza na mche mmoja mmoja, nchi ikawakubali. Mche ulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili, yaani tangi, haijamalizika, na wasomi wa uchumi, kilimo na sheria waliomo kwenye chama hiki wana la kuchangia.

Chupa ile ilikwisha kabla ya ugali. Aliyeuliza kuhusu vumbi na Bunge ndiye aliyeshika glasi ya mwisho, na safari hii hakucheka; aliuliza inauzwa wapi hapa. Tulitazamana. Hapa mjini, hakuna aliyejua duka linaloiuza.