Edward Coles, Gavana wa Pili wa Illinois, na Kielezi Kimoja cha Katiba

Msomaji wa katiba huzoea kutafuta maneno makubwa: uhuru, haki, taifa. Pengine lakini jambo lote hukaa katika kielezi kidogo. Jimbo la Illinois lilipopokewa katika Muungano wa Marekani mwezi wa Desemba 1818, katiba yake ilitamka kwamba utumwa hautaingizwa humo tangu wakati huo na kuendelea. Tangu wakati huo: maana yake, waliokwisha kuingizwa walibaki walivyo. Watumwa wa walowezi wa Kifaransa kando ya mto Mississippi hawakuguswa. Wengine, Weusi pia, waliandikwa kuwa watumishi wa mkataba, na miaka ya mikataba hiyo mara nyingi ilipita umri wa mwanadamu. Kwenye viwanda vya chumvi karibu na Shawneetown katiba yenyewe iliruhusu kukodi watumwa wa nje hadi mwaka 1825.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna haja ya kushangaa, kwani mtumwa na mtumishi hutoka katika mzizi mmoja, -tum-. Viambishi ndivyo vinavyowatenga. Huko Illinois hata kutenganishwa huko kulikuwa kwa karatasi tu.

Katika hali hiyo ndipo alipotawala Edward Coles. Alizaliwa Virginia tarehe 15 Desemba 1786, katika ukoo wa wenye mashamba, akasoma katika chuo cha William and Mary, na huko akasadiki kwamba mtu hawezi kummiliki mtu. Baba yake alipofariki mwaka 1808, alirithi shamba pamoja na watu wa kulilima. Kisha akawa katibu wa Rais James Madison. Mwezi wa Julai 1814 alimwandikia Thomas Jefferson, akimsihi aongoze kazi ya kuukomesha utumwa Virginia. Jefferson alijibu kwamba yeye ni mzee na kazi hiyo ni ya vijana. Akamshauri asiondoke, awatunze watumwa wake hapo hapo. Kwa maoni yetu, jibu hilo lilikuwa la mtu aliyekubali hoja na kukataa mzigo wake.

Coles hakuufuata ushauri huo. Majira ya kuchipua ya mwaka 1819 aliwasafirisha watu wake kuelekea magharibi, na walipokuwa wakiteremka mto Ohio kwa mashua, akawatangazia kwamba wako huru. Walipofika Illinois, kila mkuu wa familia alipewa ekari 160 za ardhi.

Mwaka 1822 aligombea ugavana. Alipata kura 2,854. Joseph Phillips alipata 2,687 na Thomas Browne 2,443. Hao wawili walipendelea utumwa, wakagawana wapiga kura wao. Basi Coles alishika madaraka akiwa na thuluthi moja tu ya kura, na hata hivyo katika hotuba yake ya kwanza alilitaka baraza la kutunga sheria liwakomboe watumwa waliobaki na kulegeza sheria zilizowabana Weusi.

Baraza lilijibu kwa kuitisha kura ya wananchi juu ya mkutano wa kubadili katiba. Theluthi mbili zilihitajika, na ikakosekana kura moja. Wakamwondoa mjumbe Nicholas Hansen, aliyepinga, wakamkalisha John Shaw mahali pake, hoja ikapita. Hadharani watetezi wa mkutano walipenda kusema juu ya marekebisho. Neno utumwa walilikwepa. Ikawa kazi ya wapinzani kulitamka. Coles alitoa mshahara wake wote wa miaka minne, dola 4,000, kwa ajili ya kampeni hiyo, na Morris Birkbeck, mlowezi kutoka Uingereza, akaandika barua magazetini kwa jina la kubuni. Mwezi wa Agosti 1824 watu 6,640 waliukataa mkutano, 4,972 waliutaka.

Katikati ya vita hivyo alishtakiwa. Sheria ya mwaka 1819 ilimtaka anayewaacha watumwa huru aweke dhamana ya dola 1,000 kwa kila mmoja, Coles hakuweka. Alihukumiwa kulipa dola 2,000. Baraza lilimfutia deni hilo mwaka 1825, na mwaka uliofuata mahakama kuu ya jimbo ikaimaliza kesi kwa upande wake.

Tusimzidishie sifa, lakini. Sheria alizotaka zilegezwe zilibaki. Alichoshinda ni kuzuia, si kufungua. Ilingojewa katiba ya mwaka 1848 ndipo utumwa ulipopigwa marufuku Illinois bila kile kielezi. Wakati huo Coles alikuwa ameshahamia Philadelphia, na huko alifariki tarehe 7 Julai 1868. Aliishi akauona utumwa ukifutwa Marekani nzima. Mwanawe Roberts, aliyerudi Virginia, hakuuona: aliuawa mwezi wa Februari 1862 katika mapigano ya kisiwa cha Roanoke, akiwa amevaa sare ya jeshi la Kusini.