Senti Thelathini za Kwenda Tao

Watu wakilaumu mathree kwa jam ya tao, huongea kana kwamba zilivamia Nairobi usiku tukiwa tumelala. Hapana. Zilifunguliwa mlango, tena na rais.

Kabla yake kulikuwa na mabasi. Kampuni ya Kiingereza iliyaanzisha mwaka 1934, ndiyo hiyo tuliyokuja kuiita KBS. Mwaka 1966 baraza la jiji liliingia kama mshirika, na kampuni ikapewa haki ya kubeba abiria peke yake. Lakini baada ya uhuru watu walikuwa wakimiminika mjini, Eastlands inapanuka, na basi halifiki kila mtaa. Wenye magari makuukuu wakajitosa bila leseni. Nauli ilikuwa senti thelathini, sarafu tatu za kumi kumi, na ndiyo asili ya jina matatu. Polisi wakawa wanawakimbiza.

Mwaka 1973 Jomo Kenyatta akatoa amri: matatu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi. Watu wakafika kazini, na serikali haikutoa hata ndururu. Ubaya wa amri hiyo, kwangu mimi, si kuziruhusu matatu. Ni kwamba wakubwa walipumzika. Ruti, steji, saa za gari, yote yakaachiwa mwenye gari, na mwenye gari hufuata palipo na abiria wengi. Abiria wengi wako tao. Sasa unashangaa nini ukikuta zote zimesongamana pale?

Moi alijaribu Nyayo Bus mwaka 1986. Miaka kumi haikuisha vizuri ikawa imezama. Stagecoach ya Uskoti ilinunua KBS mwaka 1991, ikaondoka 1998. Michuki, 2004, alituletea mikanda, mstari wa manjano na vidhibiti mwendo. Nidhamu ikapatikana kidogo (kwa muda, tuseme ukweli), lakini hakuna aliyegusa swali la gari zipite wapi.

Halafu Desemba 2018, kaunti ikafukuza matatu kutoka katikati ya jiji. Asubuhi ya kwanza watu walishushwa pembezoni, wakatembea: wajawazito, wazee, watu wenye magongo. Magari ya kibinafsi, yanayobeba mtu mmoja mmoja, yakaendelea kuingia kama kawaida. Kelele zikapigwa, marufuku ikasitishwa kabla wiki haijaisha.

Mwaka huohuo Thika Road ilipakwa mistari myekundu ya mabasi ya kasi. Rangi ikaja, mabasi hayakuja. Pesa za barabara ya kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands zilipatikana, nayo ikafunguliwa 2022.

Kituo cha Green Park nacho kimejengwa karibu na Klabu ya Reli, ili matatu zisiingie ndani. Ni kizuri, kina lami safi. Ila ukishushwa hapo na kibarua chako kiko River Road, lazima ukate tao nzima kwa miguu, na mzigo wako kichwani.