Ziwa Lililokuwa Barabara

Leo tutapanda mashua. Mashua yenyewe si jahazi la pwani yetu, wala si meli ya Ziwa Tanganyika. Ni mashua ndogo ya injini, yenye nafasi ya watu kumi hivi, na tutaipanda katika ziwa la Como, kaskazini ya nchi ya Italia. Huko wageni wa mataifa mengi hulipa fedha zao wazungushwe ziwani, watazame milima na majumba mazuri, kisha warudishwe gatini. Labda utaniuliza, "Bwana, hiyo ni starehe ya wenye fedha. Historia iko wapi?" Swali lako ni zuri, nami nataka tulijibu kabla mashua haijarudi.

Kwanza tutazame ramani. Tafuta mji mkubwa wa Milan, kisha pandisha kidole chako kaskazini kadiri ya maili 25. Hapo utaliona ziwa lenye umbo la panda ya manati iliyogeuzwa kichwa chini. Mpini wake uko kaskazini, na matawi yake mawili yanashuka kusini. Tawi la magharibi linaishia mji wa Como, na tawi la mashariki linaishia mji wa Lecco. Pale yanapogawanyika, kwenye ncha ya nchi kavu, pana mji wa Bellagio. Mto Adda huingia ziwani upande wa kaskazini na kutoka upande wa Lecco. Tawi la Como halina mto wa kutokea, na kwa sababu hiyo mvua kubwa zikinyesha maji huweza kupanda hata yakaingia katika uwanja wa mji.

Ziwa lenyewe si kubwa. Eneo lake ni maili za mraba 56 tu, hivi kwamba lingeingia ndani ya Ziwa Victoria zaidi ya mara 400. Lakini ni refu kwenda chini. Mahali penye kina kirefu panapita futi 1,300, yaani karibu mara tano ya kina cha Ziwa Victoria. Sababu yake ni kwamba zamani za kale sana barafu nene iliteremka kutoka milima ya Alps ikalichimba bonde hili. Milima ikabaki imesimama wima pande zote mbili, na mahali pengi hapana hata shamba la kutosha kati ya mlima na maji. Lishike sana neno hili, maana ndilo ufunguo wa somo letu. Nchi ya namna hiyo ni taabu kuipitia kwa miguu au kwa gari la farasi. Basi kwa mamia ya miaka watu wa Como walipita majini. Ziwa ndilo lililokuwa barabara yao.

Barabara hiyo ilikuwa na pepo zake. Ninyi mliozaliwa pwani mwaujua umande, upepo utokao bara alfajiri, na upepo utokao baharini jua likishapanda. Como nako kuna pepo mbili. Wa asubuhi huitwa Tivano, nao hutoka kaskazini, kwa kuwa usiku hewa ya milimani hupoa, ikawa nzito, ikateremka bondeni. Wa mchana huitwa Breva, nao hutoka kusini, kwa kuwa jua hulipasha joto bonde na hewa hupanda kuelekea milimani. Manahodha wa kale waliutumia mpango huu. Asubuhi waliteremka na Tivano kwenda sokoni Como, na alasiri wakarudi kwao na Breva. Upepo ukikataa, walishika makasia.

Mashua zao zilikuwa za namna nyingi. Kubwa zilibeba kuni, mawe na chokaa. Marumaru nyeupe ya kanisa kuu la Como, lililoanzwa kujengwa mwaka 1396, ilitoka Musso, kijiji kilicho kaskazini ya ziwa. Wavuvi walikuwa na mashua ndogo yenye sakafu bapa, na juu yake pao tatu zilizopindwa kama upinde ili kutandikwa turubali wakati wa mvua au jua kali. Mashua hii siku hizi huitwa Lucia, kwa jina la msichana aliyetoroka usiku kwa mashua katika riwaya mashuhuri ya Alessandro Manzoni iliyotoka mwaka 1827. Wavuvi walitafuta samaki aitwaye agone, wakamtia chumvi, wakamwanika juani, kisha wakampanga na kumkandamiza katika vyombo pamoja na majani ya mlori. Watu wetu wanaokula ng'onda hawatashangaa. Samaki huyo huliwa huko mpaka leo.

Haya, sasa tupande. Mashua yetu inaondoka Como. Ukingoni pana jengo jeupe lenye nguzo, lililofunguliwa mwaka 1928 kwa ukumbusho wa Alessandro Volta. Alizaliwa katika mji huu mwaka 1745, na mwaka 1800 aliutangazia ulimwengu habari za betri yake ya kwanza. Betri iliyomo katika redio yako, msikilizaji, ni kitukuu cha ile. Na jina la kipimo cha umeme, volti, limetokana na jina lake.

Tukienda mbele kidogo, upande wa magharibi, tunafika Cernobbio. Hapa iko Villa d'Este, jumba lililojengwa katika karne ya 16 kwa ajili ya Kadinali Tolomeo Gallio, na likageuzwa kuwa hoteli mwaka 1873. Toka hapa majumba yanafuatana, hili baada ya lile. Lakini usiangalie bustani na maua tu. Angalia milango. Mengi ya majumba ya kale yameelekeza uso wake majini. Ngazi zao zinashuka mpaka ziwani, na mlango mkubwa uko pale mashua inapofunga. Mgeni wa heshima alikuja kwa mashua, na jumba likamngojea huko. Mtalii wa leo hukaa mahali alipokaa mgeni yule, na ndiyo sababu majumba haya huonekana vizuri zaidi ukiwa majini. Hayakujengwa ili mtalii apige picha. Yalijengwa kando ya barabara, na barabara ilikuwa maji.

Desturi hii ni ya zamani sana. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Plinio Kijana alizaliwa Como katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Katika barua zake anasimulia juu ya nyumba zake mbili za ziwani. Moja ilikuwa juu ya mwamba, akaiita Msiba, kwa sababu waigizaji wa mchezo wa huzuni walivaa viatu virefu vya kuwainua. Ya pili ilikuwa chini karibu na maji, akaiita Kichekesho, kwa sababu waigizaji wa mchezo wa kuchekesha walivaa viatu vifupi. Asema katika hii ya pili mtu aliweza kutupa ndoana kutoka chumbani mwake, karibu kutoka kitandani. Maneno yake yanapendeza. Lakini tukumbuke kwamba mabwana wa Kirumi wa namna yake walikuwa na watumwa. Tunazo barua za bwana. Mtu aliyembebea maji hakuachiwa karatasi.

Mashua inazidi kwenda kaskazini, na mbele yetu ni kisiwa cha Comacina, kisiwa pekee cha ziwa hili. Leo ni kimya, chenye miti na magofu ya makanisa. Zamani kilikuwa na ngome na watu wengi. Katika vita baina ya Como na Milan, watu wa kisiwa walikuwa upande wa Milan. Watu wa Como hawakusahau. Mwaka 1169 walikuja na mashua zao wakakiharibu kabisa, na waliopona wakakimbilia ng'ambo, Varenna. Hivyo barabara ya maji ilipitisha vita kama ilivyopitisha kuni na samaki.

Baada ya kisiwa tunazunguka rasi ya Lenno, iliyo na Villa del Balbianello. Jumba hili ni la Kadinali Durini, wa karne ya 18. Mwenyewe wa mwisho alikuwa Guido Monzino, aliyeongoza Waitalia wa kwanza kufika kilele cha mlima Everest mwaka 1973. Alipokufa mwaka 1988 aliliacha kwa shirika la kutunza mali ya urithi wa taifa, na sasa watu wote huweza kuingia. Mpaka leo wageni wengi hufika hapo kwa mashua.

Sasa inua macho uutazame mteremko wa mlima, juu ya kijiji cha Mezzegra. Katika kitongoji cha Giulino, tarehe 28 Aprili 1945, Benito Mussolini alipigwa risasi na wapiganaji wa msituni wa Kiitalia. Walimkamata siku iliyotangulia karibu na Dongo, kaskazini zaidi, akiwa amejificha ndani ya lori la Wajerumani, amevaa koti la askari wa Kijerumani. Habari hii inatuhusu na sisi. Huyu ndiye aliyeyatuma majeshi kuishambulia Ethiopia mwaka 1935, na gesi ya sumu ikatumiwa juu ya watu wa nchi ile. Na mwaka 1941 askari wa King's African Rifles, vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, walikuwa miongoni mwa majeshi yaliyowashinda Waitalia katika Somalia na Ethiopia. Huenda babu wa mmoja wenu alikuwamo. Mtalii hupita chini ya mlima huu akila aiskrimu, lakini mwisho wa mtu yule uliwahusu hata watu wa Machakos na Tabora.

Tuvuke ziwa sasa twende mashariki, Varenna na Bellano. Upande huu, na katika tawi la Lecco, palikuwa na viwanda vya hariri. Mkulima alipanda miforosadi, jamaa yake ikawalisha viwavi wa hariri majani usiku na mchana, kisha vifukofuko vikapelekwa kiwandani. Huko wanawake na wasichana wadogo walikaa mbele ya sufuria za maji ya moto, wakitumbukiza vidole kutafuta mwanzo wa uzi. Kazi hiyo ilikuwa ya kutwa, na mikono iliungua. Huko Abbadia Lariana bado kimehifadhiwa kiwanda chenye mashine kubwa ya mviringo ya kusokotea hariri, ya mwaka 1818, iliyozungushwa kwa nguvu za maji. Mji wa Como ungali mashuhuri kwa kutia rangi na kupiga chapa vitambaa vya hariri, ijapokuwa ufugaji wa viwavi ulikwisha kudhoofika na nyuzi hununuliwa kutoka China. Jumba utaliona ukiwa ziwani. Mikono ile hutaiona, mpaka uulizie.

Je, barabara ya maji ilikwishaje? Ilikwisha polepole. Mwaka 1826 meli za kwanza za moshi, Lario na Plinio, zilianza safari. Hazikungoja Tivano wala Breva. Katika miaka ya 1820 na 1830 serikali ya Austria, iliyotawala nchi hiyo wakati ule, ilichonga barabara ya kijeshi katika miamba ya pwani ya mashariki. Mwaka 1882 reli ya Gotthard ilifunguliwa, ikaunganisha Italia na nchi za kaskazini na kuleta wageni wengi. Katika miaka ya 1890 reli ikapita baina ya Lecco na Colico. Mwishowe yakaja malori. Mashua za mizigo zikakosa mizigo, na wapiga makasia wakakosa kazi. Ziwa lililokuwa njia likawa kitu cha kutazamwa. Nahodha aliyebeba mawe, mjukuu wake sasa hubeba wageni. Wala si aibu, ni kazi halali. Lakini akiwasimulia wageni habari za makadinali na wana wa wafalme peke yao, atakuwa amemsahau babu yake mwenyewe.

Basi, ndugu msikilizaji, hilo ndilo jibu la swali lako. Ukipelekwa mahali pazuri, popote duniani, uliza maswali matatu. La kwanza, watu walifikaje hapa zamani? La pili, walibeba nini? La tatu, ni nani aliyefanya kazi, na ni nani aliyepata faida? Mtu asiyeuliza hayo ataona kuta tu. Mtu anayeyauliza ataona watu. Wahenga wa pwani walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi nasi tumekwenda mpaka majumba ya wakuu, na tumerudi kwa yule aliyeshika kasia.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini majumba ya kale ya Como yameelekea ziwani?

2. Eleza kwa maneno yako jinsi Tivano na Breva zinavyotokea. Linganisha na pepo za mahali penu.

3. Barabara, reli au lori lilipofika kwenu, kazi gani ilikufa, na kazi gani ilizaliwa?

4. Wiki hii mtafuteni mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, aliyebeba mizigo, aliyevusha watu, au aliyefanya kazi bandarini. Mwulizeni yale maswali matatu, mkaandike majibu yake daftarini. Mwandikeni na jina lake, akikubali, maana kazi yake ni historia kama kazi ya wakuu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.