Plastiki Himilivu, Wala Si ya Daraja la Tiba

Orodha ya istilahi iliyonifikia majuzi inatutaka tuandike "plastiki za utendaji wa juu za daraja la tiba". Nimeisoma mara tatu. "Utendaji" ni lugha ya fomu za kuwapima watumishi wa umma. Plastiki haingoji kupandishwa cheo. Na "daraja"? Mtu wa Karatu ukimtajia daraja, kwanza ataliona lile lililosombwa na masika. Kamati imechungulia Kiingereza, ikakivisha kanzu, ikanywa chai, ikatawanyika.

Mimi nashikilia plastiki himilivu. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu h-m-l, wenye maana ya kubeba. Ndiko alikotoka hamali na mizigo yake, himila, yaani mimba, mhimili unaobeba paa, na stahimili, neno ambalo mkulima wa Karatu hahitaji kufundishwa, kwani kila mwaka anatafuta mbegu inayostahimili ukame. Ukoo mzima ni wa wabebaji.

Tena neno hili lina nyuso mbili, na hapo ndipo wapinzani wangu hupotea. Kwanza, plastiki huhimili joto. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mita kama 2,300 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Sufuria haiwezi kutakasa vifaa vya upasuaji. Unatakiwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 au 134. Beseni la mnadani hujikunja humo. Plastiki iitwayo PEEK, isiyoyeyuka hadi nyuzi 343, hutoka kama ilivyoingia. Pili, mwili huihimili plastiki. Kiti cheupe cha mgahawani na bomba la sindano vyote vyaweza kuwa polipropilini. Kinachovitenga ni usafi wa malighafi na vipimo vinavyothibitisha kwamba haivujishi sumu mwilini. "Daraja" linaeleza lipi kati ya hayo?

Hata sheria imewahi kuhitaji mpaka huo. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Tanzania tarehe 1 Juni 2019, kanuni zilivisamehe vifungashio vya huduma za tiba.

Niliyaeleza haya katika warsha moja. Mjumbe, ambaye jina lake nalistahi ingawa yeye hakunistahi, alisema neno langu ni "la kishairi mno", akapendekeza "vumilivu". Mvumilivu hula mbivu. Plastiki inangojea embe gani?

Matumizi, kwa ufupi: plastiki himilivu, ngeli ya I-ZI, hutengenezewa mifuko ya damu, mirija ya dripu, vikombe vya nyonga bandia na mipini ya vifaa vya upasuaji.

Nilipopita Karatu nilimkuta muuguzi akipanga trei ya vifaa, kimoja kikiwa na mpini wa rangi ya chai ya maziwa.

"Sista, hii plastiki mnaiitaje?"

"Hiyo ni ya kuchemshwa, mwalimu. Zile nyingine ni za kutupa."

Nikamfafanulia mzizi h-m-l, pamoja na hamali na mhimili. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, mkono ukiwa kwenye mlango wa mashine.

"Sawa mwalimu, inahimili. Ila naomba usogee nyuma kidogo, mvuke unatoka."

Nilisogea. Lakini alisema "inahimili", na trei nzima ilisikia.