Pepo za Msimu na Adabu ya Biashara



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeitiisha bahari ili vyombo vipite juu yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alisafiri na misafara ya biashara kwenda Shamu, akajulikana kwa uaminifu.

Amma baad. Wengi wetu hudhani kwamba dhahabu na pembe za ndovu ndizo zilizoijenga miji ya kale ya pwani yetu. Mali ilisaidia, lakini tukitazama vyema tutaona kwamba kungojea upepo nako kulisaidia mno.

Kaskazi ilivileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi; Kusi ndiyo iliyovirejesha. Nahodha hakuwa na amri juu ya upepo, ikambidi akae miezi. Na mgeni akaaye miezi huhitaji mwenyeji wa kumpokea, mtu wa kumwekea amana, lugha ya kusemezana, na mahali pa kusujudu. Wengine walioa, wakazaa, wakazikwa papa hapa.

Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya msikiti wa karne ya 8. Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu ulijengwa katika karne ya 11, ukapanuliwa katika karne ya 14, wakati dhahabu ya bara ilipokuwa ikipitia Sofala. Sarafu yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman imepatikana hata katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Lakini Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimsifu Sultani huyo kwa unyenyekevu na ukarimu wake, hata akaitwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa.

Wala hatufichi kwamba njia hizo hizo zilichukua pia wanadamu waliotekwa na kuuzwa. Njia ya biashara hupitisha wema na dhuluma. Achaguaye ni msafiri. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida walifika Kilwa na mizinga, wala hawakubisha hodi. Waliuteka mji wakaupora, na biashara ya dhahabu wakaitaka iwe yao peke yao. Kilwa haikurudia tena fahari yake ya kwanza.

Ndugu zetu, leo bidhaa hufika upesi, na mara nyingi muuzaji na mnunuzi hawaonani uso kwa uso. Basi na tujiulize: je, mizani yetu imekamilika hata pale tusipoonekana? Je, amana tunairudisha? Je, mgeni akituacha hutusema kwa heri?

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali, na utujaalie tuwe waaminifu katika kuuza na kununua kwetu. Amin.