Kabla Mashine Haijawaka

Neno "boot" lilianza kama mzaha wa mainjinia. Kompyuta iliyozimwa haijui chochote. Ili isome programu inahitaji programu nyingine ya kuielekeza jinsi ya kusoma, na hiyo nayo itatoka wapi? Waliohangaika na swali hili miaka ya 1950 walikumbuka msemo wa Kiingereza kuhusu mtu anayejiinua kutoka ardhini kwa kuvuta kamba za buti zake mwenyewe. Wakaiita kazi hiyo "bootstrap", kisha ulimi ukafupisha. Huku kwetu tunasema tu mashine imewaka au imekataa kuwaka, na nadhani sisi ndio tumesema vizuri zaidi.

Walionunua Altair 8800 mwaka 1975 waliijua shida hiyo kwa vidole vyao. Kila walipoiwasha, walikaa mbele ya kasha wakipandisha na kushusha swichi ndogo, 0 na 1, 0 na 1, mpaka mashine ielewe inapaswa kusoma wapi. Ukikosea swichi moja, unaanza upya. Kuchosha kulichosha, ila hakuna aliyeulizwa yeye ni nani.

Mimi hutengeneza kompyuta hapa Garissa, na kuna ugonjwa mmoja ambao umekuja mezani kwangu mara nyingi miaka hii. Kijana ameunganisha mashine yake mwenyewe, kasha kutoka huku, ubao mama kutoka kule, kadi ya michoro ya mtumba kutoka Nairobi. Imemfanyia kazi miaka miwili bila neno. Anaweka mfumo mpya, na siku ya pili haiwaki. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii. Ili niseme kinachotokea humo ndani, lazima nipitie IBM.

IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani Agosti 1981, iliiwekea programu ndogo ndani ya chipu iitwayo BIOS. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, BIOS inakagua kumbukumbu na kibodi, kisha inakwenda kwenye diski na kusoma baiti 512 za kwanza. Ikikuta mwishoni mwake alama mbili inazozijua, inazikabidhi baiti zile mashine nzima na yenyewe inakaa kando. Ni kama boma ambalo mlango wake unafunguka kwa yeyote anayejua kusema hodi.

Mwaka 1986 hodi ilipigwa na mgeni. Ndugu wawili wenye duka la kompyuta mjini Lahore, Pakistan, waliandika programu iliyojificha katika baiti zile za kwanza za diski laini. Inajulikana kama Brain, na ndiyo virusi vya kwanza vya kompyuta za aina ya IBM vilivyosambaa duniani. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba ndani yake waliacha majina yao, anwani ya duka na namba ya simu. Waliokuja baada yao hawakuwa na adabu hiyo. Virusi vya CIH, vilivyolipuka tarehe 26 Aprili 1999, vilifuta hata BIOS yenyewe, na mashine ikabaki bati.

Kwa hiyo mlango ukawekwa askari. Intel ilikuwa imeanza kuandika mrithi wa BIOS tangu miaka ya 1990, na mwaka 2005 makampuni yakaungana kuusimamia kwa jina la UEFI. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta mpya zilizouzwa nayo zilikuja na kitu kinachoitwa Secure Boot. Askari huyu anashika orodha mbili. Ya kwanza ina saini za wanaoruhusiwa kuingia. Ya pili ina waliopigwa marufuku, na hiyo ina nguvu kuliko ya kwanza: ukiwa kwenye zote mbili, umefungiwa nje. Saini kubwa katika orodha ya kwanza ni za Microsoft, kiasi kwamba hata watu wa Linux iliwabidi wapeleke programu yao ndogo ya mlangoni ikatiwe saini huko.

Kisha ikaja Windows 11, Oktoba 2021. Safari hii masharti yalikuwa wazi: kompyuta iwe na UEFI yenye uwezo wa Secure Boot, na iwe na TPM 2.0, sehemu ya kutunzia funguo za siri. Windows 10 nayo ikapangiwa mwisho, tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya kununuliwa ikiwa imefungwa dukani, mara nyingi haya yote yamepangwa kiwandani. Ya kuunganisha mwenyewe haina kiwanda. Wewe ndiye kiwanda.

Mashine moja ilinifundisha hili kuliko zote. Ilikuwa ya saiba, ile ya kuchapisha barua, kujaza fomu za mkopo wa chuo, kufungua eCitizen. Mwenyewe alikuwa amefuata maelekezo sawasawa. Diski ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa zamani unaoendana na BIOS, akaigeuza kuwa wa mtindo mpya. Akaingia kwenye mipangilio ya ubao, akazima ile sehemu inayojifanya BIOS ya zamani, akawasha Secure Boot. Ikapiga milio, skrini ikabaki nyeusi. Lakini kulikuwa na jambo la ajabu zaidi. "Adeer," akaniambia, "stima ikienda ikirudi, picha inakuja. Lakini sasa inasema haioni diski. Nikirekebisha ione diski, picha inapotea. Hii kitu imerogwa, wallahi."

Haikuwa imerogwa. Ilikuwa na magonjwa mawili yanayofichana. La kwanza ni kadi ya michoro. Kadi za zamani zilitengenezwa zizungumze na BIOS pekee. Ukiondoa ile sehemu inayojifanya BIOS, kadi inakosa wa kuongea naye na haitoi picha. La pili ni betri ya duara iliyo kwenye ubao, CR2032, bei ya chai na mahamri. Ndiyo inayotunza saa na mipangilio wakati mashine haina umeme. Joto ni adui wa betri, na Garissa kupita nyuzi 35 si habari. Ile ilikuwa imekufa. Kila stima ilipokatika, ubao ulisahau yote na kurudi kwenye mtindo wa zamani: kadi ikafurahi, picha ikaja, lakini diski iliyogeuzwa ikawa haieleweki. Hata tarehe ilirudi nyuma miaka, na hiyo peke yake inatosha kufanya tovuti zikukatae.

Tiba ilikuwa kutoa kadi na kuchomeka skrini moja kwa moja kwenye ubao, kwa sababu prosesa yake ilikuwa na uwezo wake wa michoro. Betri mpya. Mipangilio ikawekwa upya, mara moja. Ndiyo maana nikipata mashine ya namna hii siku hizi, swali langu la kwanza halihusu mfumo. Nauliza saa inasema nini.

Na stima ina historia yake hapa. Hadi katikati ya miaka ya 2010 mji huu uliendeshwa na jenereta za dizeli, ndipo laini kubwa kutoka upande wa Mwingi ikatuunganisha na gridi ya taifa. Mwaka 2019 tukafunguliwa kituo cha umeme wa jua cha megawati 50. Wajir na Mandera bado ziko nje ya gridi. Kwa hiyo betri ndogo iliyokufa, ambayo mtu wa mji usiokatikiwa umeme angekaa nayo mwaka mzima bila kujua, huku inajitangaza haraka.

Lakini kilichobaki na mimi ni zile orodha mbili, kwa sababu mkoa huu unazijua orodha. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilipata sheria ya kufunga wilaya za mpakani, uingie au utoke kwa kibali. Uhuru ulikuja Desemba 1963, na mwezi huo huo hali ya hatari ikatangazwa kwetu. Ikadumu hadi 1991. Kabla haijaondolewa, mwaka 1989, Wakenya Wasomali waliitwa kwenye ukaguzi wa kabila zima, na waliothibitishwa wakapewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Yaani saini juu ya saini.

Kisha ikaja orodha ya pili. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, zikikusudiwa watu 90,000, na zikaja kubeba mara kadhaa ya hao. Kambini kulikuwa na posho, dawa na shule. Nje ya ua, miaka ya ukame, kulikuwa na Wakenya wenye njaa ile ile. Wazazi wengine wakaandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wale. Sijui ni nani angefanya tofauti. Usajili ulipokuja kuwa wa alama za vidole, vidole vya watoto hao vikaingia kwenye kanzidata ya wakimbizi. Wakafika miaka 18, wakaenda kuomba kitambulisho cha taifa, mashine ikasoma vidole na kujibu: huyu ni mkimbizi. Watetezi wa haki wamekadiria watu wapatao 40,000 wamenaswa hivyo. Bila kitambulisho husajili laini ya simu, na bila laini huna M-Pesa. Huombi mkopo wa chuo wala huajiriwi kwa barua.

Najua kulinganisha mtu na diski kuna ubaya wake. Ila mfumo wenyewe ndio ulioanza kuwalinganisha: jina liko kwenye orodha ya kuruhusiwa kwa kuzaliwa, alama iko kwenye orodha ya marufuku kwa ajili ya kilo chache za unga, na ya marufuku inashinda. Tena hata wanaoshika funguo hukosea. Agosti 2024 Microsoft ilituma sasisho lililowazuia wapakiaji wa zamani wa Linux, na kompyuta nyingi zenye mifumo miwili zikaamka na ujumbe kwamba jambo baya sana limetokea. Mafundi waliandika dawa siku chache baadaye: ingia kwenye mipangilio, zima Secure Boot, futa kanuni ile, washa tena. Kwenye mashine, mwenye nyumba bado ana kitufe cha Delete.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kuondoa ukaguzi wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho katika kaunti za huku. Wazee wangu walilisubiri hilo maisha yao yote. Lakini kuondoa kamati ya wazee na machifu mezani ni kazi moja, na kutoa alama za kidole ndani ya kanzidata ni kazi nyingine, inayohitaji mtu akae mbele ya kibodi, afungue faili moja moja, aamini alichoandikiwa na mzazi. Saiba ile inafanya kazi vizuri. Mwenyewe ananiambia fomu za vitambulisho zimeongezeka, na kwamba wapo vijana wanaorudi kila wiki kuangalia kama jibu limebadilika.