Geoffrey Spicer-Simson

Geoffrey Basil Spicer-Simson (15 Januari 1876 – 29 Januari 1947) alikuwa afisa wa jeshi la majini la Uingereza, mzaliwa wa Tasmania. Anajulikana hasa kwa kuongoza kikosi kidogo kilichowanyang'anya Wajerumani utawala wa Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Kabla ya hapo hakuwa na sifa kubwa. Novemba 1914 Niger, mojawapo ya meli za kikosi chake, ilizamishwa na nyambizi karibu na Deal, naye akiwa nchi kavu.

Hali ya maziwa

Katika Ziwa Viktoria Waingereza walikuwa na nguvu zaidi, kwa sababu Reli ya Uganda ilifika Kisumu tangu 1901 na kuwaletea meli. Wajerumani wa Mwanza walitegemea hasa meli ndogo iliyoitwa Muansa. Reli ya kutoka Tabora ilifika mjini huko mwaka 1928 tu. Basi meli za Kisumu zilipeleka askari kuvamia Bukoba Juni 1915, na Mwanza ilitekwa Julai 1916.

Ziwa Tanganyika lilikuwa kinyume chake. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo ilileta meli kubwa Graf von Götzen vipande vipande ndani ya masanduku. Pamoja na Kingani na Hedwig von Wissmann, iliwawezesha Wajerumani kupeleka askari popote ufukweni na kuitisha Kongo ya Kibelgiji.

Safari ya boti

Mwindaji John Lee alipendekeza boti za mota zipitishwe nchi kavu. Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake walikataa, akachagua Mimi na Toutou, yaani paka na mbwa katika Kifaransa cha watoto. Ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikapita Cape Town kwa reli hadi Fungurume. Kutoka hapo zilivutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, ng'ombe na nguvu za mamia ya wenyeji waliofyeka njia na kujenga madaraja. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko mapigano yenyewe. Baada ya mto Lualaba na reli tena, zilifika ziwani mwishoni mwa Oktoba. Lee alikuwa ameshaondolewa kikosini.

Mapigano

Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilitekwa, ikapewa jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Götzen ilipoonekana muda mfupi baadaye, Spicer-Simson alikataa kuishambulia. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Waingereza waliiibua 1924, nayo ndiyo MV Liemba.

Wenyeji wa ufukweni walimwita Bwana Chifunga-tumbo kwa sababu ya sketi aliyopenda kuvaa.

Juni 1916 alifika Bismarckburg (leo Kasanga), akaliogopa boma na kurudi nyuma. Wajerumani wakatoroka usiku kwa majahazi kabla kikosi kutoka Rhodesia ya Kaskazini hakijawafunga. Alipewa nishani ya Distinguished Service Order kwa ushindi wa ziwani, lakini hakukabidhiwa tena kikosi vitani.

Baadaye alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco. Alifariki Kanada.